Ukuta Wenye Kifua

Ukuta ulianza kutoka jasho wakati wa kiangazi, siku ambazo hata mbwa walikuwa wamekaukiwa mate. Mama Chiriku aliliona alipokuwa akifagia chumba cha mtoto. Vitone vidogo vidogo vimesimama ukutani, juu ya kitanda, kama kwenye paji la uso la mtu aliyetua gunia sasa hivi. Akavifuta kwa upindo wa nguo yake. Alipofika mlangoni na ufagio akageuka, vimerudi.

Akamwita mama mkwe wake. Bibi alikuja akiburuta kandambili, akapitisha kidole ukutani, akakilamba. Bibi alikuwa analamba kila kitu, ndiyo maana alifika umri ule bila kudanganywa na muuza duka hata mmoja.

"Chumvi," alisema.

"Labda ni saruji, mama."

"Saruji naijua tangu mumeo yuko mgongoni kwangu. Hii si ya saruji. Hii ni ya mtu."

Nyumba ile ilijengwa na mwenyewe, mume wa Mama Chiriku, fundi wa kuta ambaye mitaa yote ilimwita Fundi Kavu. Jina alijipa, watu wakalizoea. Aliwaambia wateja, "Ukuta wangu hautoi chozi hata siku ya msiba wa mwenye nyumba." Wakacheka, wakampa kazi. Wakimharakisha, alikuwa na msemo mwingine: "Subira, ukuta haukauki kwa siku moja." Na ukuta wa mbele wa nyumba yake, ule wa chumba cha mtoto, ndio ulikuwa kibao chake cha biashara. Mweupe, laini kama ganda la yai. Wateja waliletwa kuugusa kama watu wanavyoletwa kumshika nundu ng'ombe wa kununua.

Na kazi aliijua, tusimnyime. Alijenga kuta za ngozi mbili: tofali za nje, tofali za ndani, katikati mwanya wa kuingia kiganja, ili joto na unyevu wa nje vife njiani visimfikie aliyelala. Chini kabisa ya ngozi ya nje, fundi aliyefunzwa akafunzika huacha matundu ya kuingia kidole, maji yaliyopenya yadondoke na hewa ipite. Matundu ya kupumulia. Ukuta ni kama mtu, mvike nguo utakavyo, ila pua muachie. Fundi Kavu aliyajua hayo kama jina lake.

Lakini Chiriku alizaliwa na kifua kibovu. Vumbi likipita mtaa wa pili, yeye ndiye wa kwanza kukohoa. Mtoto walimwita Chiriku kwa kusema kwake, na maneno yenyewe yalikuwa yakikatika njiani kama uzi uliooza. Anahema, anashika ubavu, anaendelea pale pale alipoachia. Daktari akasema asipate baridi, asipate unyevu, asipate vumbi. Akasema na mengine, baba mtu hakuyasikia. Alikuwa ameshaanza kuziba.

Akaziba. Ndani alipigilia nailoni nzito chumba kizima, juu yake mabamba meupe mepesi, yale yanayokuja kwenye boksi la friji mpya, juu yake plasta. Nje akapaka lami ya kuzuia maji, juu yake rangi. Madirisha akayavika mpira pembeni. "Usipoziba ufa utajenga ukuta," alikuwa akiimba juu ya ngazi. Sawa. Ila waliotunga methali hiyo walisema ufa. Hawakusema pua.

Yakabaki matundu. Akayaziba siku ya jua la utosi, moja baada ya jingine, Mama Chiriku akimshikia karai la saruji. Limebaki la mwisho, kikaja kimbunga cha vumbi, kile chembamba kinachozunguka peke yake uwanjani mchana mtupu pasipo upepo popote. Watu wazima hukipisha, husema ni jini linatembea. Kikavuka uwanja, kikapunguza mwendo mbele ya ukuta kama mtu aliyezoea kupumzika hapo, kikainama, kikaingia kwenye lile tundu chote mpaka mkia.

Fundi Kavu akacheka. Akachota saruji, akalipiga tundu kofi moja.

"Nimemkamata mwizi," alisema.

Mama Chiriku naye alicheka. Tusimsingizie mume peke yake; karai alilishika yeye.

Baada ya jasho kikaja kikohozi. Ilikuwa mchana, nje lami ya barabara inanata viatuni, mle chumbani baridi kama ndani ya mtungi. Mama Chiriku anakunja nguo. Chiriku akakohoa kikohozi chake kile chenye mluzi mwishoni. Akatulia. Kisha ukuta ukakohoa, na mluzi mwishoni.

"Mama, ukuta unaniigiza."

"Ni mwangwi."

"Mwangwi ni nini?"

"Ni sauti yako. Inakwenda inagonga, inarudi."

Chiriku akafikiri. "Mbona jana ulianza wenyewe?"

Mama Chiriku alibaki na gauni la mtoto mkononi, limekunjwa nusu.

Siku zilivyokwenda, mtoto alikohoa kidogo na ukuta ukakohoa zaidi. Mwishowe mtoto akaacha kabisa. Alikula, alicheza, maneno yake hayakukatika. Fundi Kavu alitembea mtaani kifua mbele kama aliyemzaa upya. "Daktari amempa dawa toka azaliwe," alisema, "mimi nimempa ukuta." Kikohozi hakukitaja. Kikianza mle ndani ya tofali, kirefu, kikavu, mpaka picha iliyotundikwa inatikisika kwenye msumari, yeye aliongeza sauti ya redio. Na kulikuwa na harufu. Si ya ukungu wala ya panya aliyekufa. Ilikuwa harufu ya kinywa cha mtu aliyelala mdomo wazi.

"Kuta zina masikio, hilo tuliambiwa," Bibi alisema. "Hakuna aliyetuambia zina mapafu."

Akaenda akamleta mganga. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, anatokwa jasho kwa kupanda mwinuko wa barabara tu. Fundi Kavu akamlaki kwa kejeli.

"Karibu. Leo utatufukizia nini?"

"Sikuja na ubani," mganga alisema. "Ulivyoziba hivi, moshi utatokea wapi, masikioni kwako?"

Bibi akacheka peke yake. Mganga akaweka mgongo wa mkono ukutani kama mtu anayempima mtoto homa. Akakaa hivyo. Alipouondoa, aliufuta kwenye nguo, akaufuta tena.

"Limo," alisema, kwa sauti ndogo sana. "Halikuja kwa ubaya. Lilikuwa linapita, mkalifungia. Sasa linatafuta hewa, na limeonja kikohozi cha mtoto, kwa sababu kikohozi ni pumzi inayorushwa, hupenya. Bado halijaonja nyingine."

"Tufanye nini?" Mama Chiriku aliuliza.

"Kutobolewe nje. Pale pale alipoliziba, jua likiwa juu, ndiyo saa yake ya kutembea. Litakwenda na kikohozi cha mtoto, nanyi mtasema ahsante. Lakini ndani kusitobolewe. Hawa hawaulizi njia, wanafuata tundu. Mkilifungulia ndani, litajua kwamba nyumba hii ina watu."

Kesho yake mchana Fundi Kavu alitoa drili kwenye begi. Hata yeye alikuwa amechoka na redio. Mama Chiriku alimwona anasogeza kabati la chumbani.

"Baba Chiriku, amesema nje."

"Nje ndiyo sura ya ukuta. Jioni anakuja yule bwana anayetaka nimjengee ghorofa, auguse, nimwonyeshe kiraka?"

"Kiraka unakipaka rangi."

"Rangi mpya na rangi kuukuu hazilali kitanda kimoja, zitaonekana tu. Hapa nyuma ya kabati nani ataona? Tundu ni tundu. Hewa haina macho."

"Na likitokea huku?"

"Nitalikaribisha chai." Akachomeka waya. "Kama unaogopa, mtoe mtoto uani."

Akamtoa. Hilo ndilo alilolifanya. Hakumshika mkono, hakung'oa waya. Alikuwa na mume mbishi na mtoto mmoja, akachukua aliyebebeka.

Wakakaa uani kwenye kivuli chembamba cha tangi la maji, Chiriku mapajani, Bibi pembeni akishona kifungo. Jua lilikuwa juu ya vichwa. Wakaisikia drili ikila plasta, ikapita kwenye bamba jeupe kwa ule mlio unaotia meno ganzi, ikasita kidogo kwenye nailoni, ikaingia kwenye tofali ikapiga kelele, halafu kelele ikawa nyepesi ghafla, kama drili imefika mahali pasipo na kitu, na hapo ikanyamaza, na badala yake ikaja sauti ya kuvuta, ndefu, kama ya mtu aliyekaa chini ya maji akatoa kichwa juu, ikavuta, ikavuta, mlango wa uani ukajibamiza wenyewe, mpira wa madirisha ukafyonzwa ukaingia ndani ya fremu, majani makavu ya uwanjani yakaburutika yote kuelekea nyumbani, sindano ya Bibi ikasimama kwenye kitambaa, na Chiriku mapajani pa mama yake akafungua mdomo kama anayetaka kusema neno, neno lisitoke.

Kisha kimya. Chiriku akafumba mdomo. "Mama," alisema, "baba ameingia."

Mlango ulikuwa umeshika kama umepigiliwa misumari. Wakausukuma wote wawili kwa mabega ndipo ukaachia.

Walimkuta nyuma ya kabati. Amesimama, magoti yamelegea na haanguki, kwa sababu mdomo wake ulikuwa kwenye tundu, umebana kama mdomo wa kichanga kwenye ziwa. Mashavu yamedidimia. Macho yalikuwa wazi na yaliwaona, hilo Mama Chiriku aliapa kila alipohadithia, yaliwaona yakawafuata, kisha yakaacha kufuata. Bibi akamshika kiuno, yeye mabega. Wakavuta. Alibanduka kwa sauti ya kizibo cha chupa. Alikuwa mwepesi. Wanawake wawili, mmoja kikongwe, walimbeba mpaka kitandani bila kuhema, na mikononi mwao alikwaruza kama mfuko wa saruji uliokung'utwa.

Nyuma yao tundu likatoa kiupepo kidogo cha moto, kama mtu aliyeshiba.

Wakamzika. Watu walijaa uwanjani mbele ya ule ukuta mweupe, na ukuta haukutoa chozi, kama alivyoahidi. Bwana wa ghorofa alikuja kutoa pole, na katikati ya pole akaupapasa kwa kiganja. "Hasara kubwa," alisema. Hakuna aliyejua kama alimsema mtu au kazi.

Mchana wa kwanza nyumba ilipobaki na wenyewe, Mama Chiriku alikuwa anakunja nguo za marehemu.

"Mama Chiriku."

Akageukia ukuta.

"Mama Chiriku, mke wangu. Humu kuna joto. Toboa nje."

Sauti ilikuwa yake, na ile mikwaruzo yake ya vumbi la miaka. Mama Chiriku hakupiga kelele. Alikwenda kwenye begi la kazi, akachukua nyundo na tindo, akatoka, akapiga magoti chini ya ukuta wa mbele. Alilijua tundu la mwisho lilipo. Akaweka tindo, akapiga mara moja, saruji ikatoa ufa mwembamba kama unywele.

Ndani kitu kilianguka.

Alimkuta Chiriku chini, karibu na kitanda, midomo imekuwa rangi ya majivu. Akaweka kiganja mbele ya pua yake. Hakuna kitu. Akaweka sikio kifuani. Hakuna. Akamnyanyua, akamtikisa, akamwita kwa majina yote aliyowahi kumwita, ya utani na ya hasira, na wakati anamwita macho yake yakaenda ukutani, akaona plasta inavimba polepole, kidogo tu, kama tumbo la mtu aliyelala, na ilipovimba mtoto akavuta pumzi, na iliponywea mtoto akaishusha, ukuta ukavimba tena, mtoto akavuta, ukanywea, akashusha, na yule mama akabaki pale sakafuni akiangalia huku na huku, kwa mwanawe na kwa tofali, mpaka yeye mwenyewe akajikuta anapumua kwa kufuata.

Akatoka kwa miguu yake kama anatembea juu ya mayai, akauziba ule ufa kwa saruji mbichi, kwa vidole. Alipoingia ndani, Chiriku alikuwa amekaa kitandani anaomba uji.

Mganga aliporudi hakuvuka geti. Alisimama barabarani kama mtu anayesubiri gari.

"Nilisema nje."

"Ulisema," Bibi alijibu.

"Limekunywa pumzi ya baba, likaishika na ya mtoto, maana njia yake lilishaijua. Zimo humo zote mbili. Mkitoboa nje sasa, zinakwenda zote. Mkiziba la ndani, halitabaki na njia ila mtoto. Acheni kama kulivyo."

"Tukiacha?" Mama Chiriku aliuliza.

"Litaanza na kubwa. Ya baba ikiisha, litavuta ya mtoto." Akajifuta shingo. "Likipata nyingine, ya mtoto itasubiri."

"Nyingine ya nani?"

"Ya anayelala kichwa karibu na tundu." Mganga akatazama pembeni. "Mimi nasema nijuacho. Kupanga foleni si kazi yangu."

Akaondoka, na siku zile hakupita tena mtaa ule.

Kila mchana Fundi Kavu aliita. Aliita kwa upole, aliita kwa ukali, siku nyingine alilia. "Toboa, Mama Chiriku. Nakuomba kwa mwanetu." Naye alikuwa anaosha vyombo, au anamsuka mtoto, anamjibu bila kuinua uso:

"Subira, Baba Chiriku. Ukuta haukauki kwa siku moja."

Mwenye huruma na aseme angefanyaje. Mtoto alikuwa anapumua.

Sauti ikawa nyembamba. Maneno yakaanza kukatika, yale yale aliyokuwa akikatikiwa mtoto. Mchana mmoja alisema "to", asimalizie. Na jioni ile ile Chiriku akiwa anacheza akasimama, akashika ubavu. Kifuani mwake ukalia mluzi.

Wanawake wale wawili waliusikia wote. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

"Kitanda changu kiletwe chumba hiki," Bibi alisema.

"Mama, lakini..."

"Usiniambie mama, lakini. Tangu juzi unanipima kwa macho kama mtu aliyekuja mnadani kuchagua mbuzi. Sikulaumu, mkamwana. Mimi ningekuwa na mama mkwe mzee kama mimi, ningempima mapema zaidi."

Mama Chiriku aliliangalia kabati. "Kichwa kikae upande gani?"

Bibi akacheka mpaka akakohoa. "Umeshafundishika," alisema. "Wa ukutani. Na mto uwe mmoja, sitaki kuamka na maumivu ya shingo."

Walikisogeza wakisaidiana, huku na huku, wakigombana kuhusu mguu uliokuwa mfupi.

Bibi alikaa mle ndani ya ukuta muda mrefu kuliko mwanawe. Wabishi wana pumzi. Mchana jua likiwa juu, Chiriku aliweka sikio kwenye plasta akamsikia anamgombeza baba yake kwa ujinga wake, na alikuwa anagombeza vizuri, mtoto anacheka mpaka machozi. Kutoboa hakuomba hata siku moja. Mpaka naye akaanza kumeza maneno nusu, na Mama Chiriku akaenda sokoni kwa watu wengi, akasema kwa wachuuzi na kwa wabeba mizigo kwamba ana chumba cha kupangisha.

Wakaja. Mzee mmoja mwenye pumu alikipenda sana, Mama Chiriku akamwambia kimepata mtu. Msichana mwembamba, mwenye kifua cha kuku, akamrudisha na maji ya kunywa. Kisha akaja mchuuzi wa ndoo, kijana wa mtaa wa nyuma ambaye sauti yake ya kuita wateja ilikuwa inaamsha watu mpaka ng'ambo ya reli. Aliacha ndoo zake uani, akaingia, akazungusha macho, akapapasa ukuta.

"Mkavu huu," alisema.

"Mkavu kabisa. Aliujenga marehemu mume wangu."

"Na baridi yake tamu. Kule ninakokaa bati linanikaanga." Akacheka kwa mdomo wote. "Na hapa, mama, naona mna mtoto mdogo. Sitawasumbua na sauti yangu?"

Chiriku alikuwa mlangoni, ameshika ubavu, anamtazama.

"Hapana, mwanangu," Mama Chiriku alisema. "Sauti tumezoea. Unavuta sigara?"

"Sivuti."

"Kifua hakikusumbui?"

Yule kijana akajipiga kifuani kwa ngumi, kikalia kama pipa tupu. "Kizima hiki. Kitanda nikiweke wapi?"

Mama Chiriku akasogeza kabati pembeni kwa bega, kwa mazoea, kama mtu anayefungua dirisha.

"Hapo," alisema. "Kichwa ukutani. Ndipo penye hewa."